Anacheza sana, au anaumwa? Jinsi ugonjwa wa gemu unavyopimwa

Shule zikifungwa mwezi wa sita na baridi ya Mbeya ikawabana watu ndani, mabanda ya gemu za PS (PlayStation) ya Mwanjelwa, Ilomba na Uyole hujaa tangu asubuhi. Hapo ndipo maneno huanza. Mzazi mmoja anasema mwanawe ameshakuwa teja wa gemu. Wa pili amesikia kwamba gemu imetangazwa kuwa ugonjwa wa akili, na tangu siku hiyo kila mtoto aliyeinamia simu anamwona mgonjwa. Wa tatu anacheka: huo ni ugonjwa wa Wazungu, fimbo mbili zinautosha. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, isipokuwa huyo wa fimbo.

Tuanze na maneno, maana fujo nyingi inaanzia huko. Gemu, katika makala haya, ni mchezo wa kielektroniki unaochezwa kwenye simu, kompyuta au mashine ya kuunganisha na televisheni kama PlayStation. Kamari ni kuweka fedha au mali juu ya jambo la kubahatisha: mkeka wa mpira, mashine za bonanza zinazokaa pembeni mwa baa. Kiingereza kina neno moja, "gaming", linaloweza kubeba vyote viwili, na ndiyo maana Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inayosimamia kamari nchini, kwa Kiingereza ina jina lenye neno lilelile ambalo wataalamu wa afya wanalitumia kwa gemu. Anayesoma habari harakaharaka anavichanganya. Uraibu nao ni hali ya mtu kuvutwa na kitu mpaka uamuzi wa kukiacha unakuwa haumo tena mikononi mwake. Na utambuzi ni kazi ya mtaalamu wa afya kuamua, kwa vigezo vinavyojulikana, kwamba hali fulani imefikia kuitwa ugonjwa. Mwalimu anaweza kushuku, na jirani pia, lakini shaka yao haijawa utambuzi.

Mwezi Juni 2018 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, ICD-11. Orodha hiyo inampa kila ugonjwa jina, namba na maelezo ya namna ya kuutambua, ili daktari wa Iringa na daktari wa Tokyo wakiandika namba moja wawe wanazungumzia kitu kimoja. Nchi wanachama ziliipitisha Mei 2019, na ilianza kutumika rasmi Januari 1, 2022. Ugonjwa wa gemu umo humo kwa namba 6C51, jirani kabisa na ugonjwa wa kamari ambao ni 6C50, katika fungu la matatizo yatokanayo na vilevi na tabia zenye uraibu. Umegawanywa kwa gemu za mtandaoni na zile zisizohitaji mtandao, kwa hiyo kijana wa banda la PS ambaye hajawahi kununua bando naye anaweza kuhusika.

Ipo namba nyingine isiyosemwa sana: QE22, kucheza kwa hatari. Hiyo haihesabiwi kuwa ugonjwa. Ni uchezaji ambao umeanza kumweka mtu, au watu walio karibu naye, katika uwezekano mkubwa wa kuumia. Watoto wengi wanaopelekwa hospitali na wazazi wenye hasira, kama wana tatizo lolote la gemu, wanaweza kuwa wanaangukia hapo.

Lori na mteremko

Dereva wa lori anayetoka Tunduma kwenda Dar es Salaam anaujua Mlima Kitonga. Mwenye uzoefu huingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, akaacha injini imshike. Asiye na uzoefu hushuka akikanyaga breki muda wote. Zinapata moto, zinaanza kunuka, na zikizidi kupata moto hukanyagi tena kitu. Anayesimama kando ya barabara anaweza kuona malori mawili yakishuka kwa mwendo uleule, moja likiwa na breki na lingine likiwa halina. Kwa macho hayana tofauti. Tofauti inajitokeza pale dereva anapotaka kusimama.

Mtaalamu anapima hicho. Mwendo, yaani wingi wa kucheza, unamwambia mahali pa kuanzia kuuliza tu. Harufu ya breki ndiyo ile QE22. Breki zilizokwisha ndiyo 6C51.

WHO inataka mambo matatu yawepo kwa pamoja, na mawili kati ya matatu hayatoshi. La kwanza ni kushindwa kujitawala: kuanza, mara ngapi, muda gani, kuacha, na hata mahali. Swali la "unacheza saa ngapi kwa siku?" linazaa jibu la kubahatisha, na mara nyingi uongo. Swali linalozaa kitu ni hili: "Wiki iliyopita ulipanga kuacha saa ngapi, ukaacha saa ngapi?" Likifuatiwa na: "Mara ya mwisho ulipojaribu kupunguza, ulikaa siku ngapi?" Mahali nako kuna maana yake. Mlinzi anayecheza lindoni na mwanafunzi anayecheza ndani ya chumba cha mtihani wa majaribio wameshavuka mpaka ambao wao wenyewe wanaujua.

Hapa kuna kosa ambalo wazazi wanalifanya kila siku. Gemu nyingi za mtandaoni za kucheza kwa timu haziwezi kusimamishwa katikati. Ukitoka, timu yako inabaki pungufu, na gemu yenyewe inaweza kukuadhibu. Mtoto anayejibu "subiri mama, namalizia" mechi ikiwa imebaki dakika nane hajashindwa kujitawala. Anayemaliza hiyo, akaanza nyingine, akaapa kuwa ni ya mwisho, kisha akaanza ya tatu, huyo tunamwuliza zaidi. Nyumbani ni afadhali kukubaliana kwa idadi ya mechi kuliko kwa dakika. Dakika zinaleta ugomvi ambao baadaye unahesabiwa kimakosa kuwa dalili.

La pili ni kipaumbele. Gemu inapanda ngazi hadi inakaa juu ya mambo mengine yote: mpira wa Jumamosi umeachwa, kwaya imeachwa, marafiki wasiocheza wameachwa, kisha kuoga na kula vinafuata. Kijana analinganishwa na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Kumlinganisha na dada yake anayeongoza darasa hakuna maana yoyote hapa, ijapokuwa ndicho kitu cha kwanza kusemwa sebuleni.

La tatu ni kuendelea, au kuzidisha, wakati madhara yameshaonekana. Madhara yenyewe yawe ya kweli na mchezaji ayajue: amerudishwa nyumbani kwa utoro, amefukuzwa kazi ya duka, ada imeliwa, mchumba ameondoka. Anaona, anakiri, na usiku huohuo anarudi palepale.

Juu ya hayo matatu, hali yote lazima iwe imeleta mateso makubwa au imeharibu kwa kiasi kikubwa maisha ya mtu katika familia, masomo, kazi au uhusiano na watu. Kigezo hiki ndicho kinachomwokoa mwenye banda mwenyewe. Anakaa mbele ya skrini kuanzia asubuhi mpaka saa tatu usiku, anacheza na wateja, anajua kila gemu iliyotoka, na kwa kazi hiyo analipa kodi ya nyumba na ada za watoto. Saa zake zinamzidi kila mteja, na utambuzi haumhusu.

Ndiyo maana ICD-11 haikuweka idadi ya saa. Fikiria kijana wa Forest anayecheza saa tano kila siku ya likizo ya Desemba, shule ikifunguliwa anashuka hadi mechi mbili za Jumamosi. Sasa fikiria mwingine wa Nzovwe anayecheza saa mbili tu kwa siku, lakini saa hizo ni za kipindi cha hisabati, na fedha yake inatoka kwenye mkoba wa bibi. Ukihesabu saa utampeleka hospitali wa kwanza.

Mwaka mzima, na msimu wa ulanzi

Kigezo cha muda ni miezi 12, na watu wa Iringa wanaweza kukielewa kuliko wengine kwa sababu ya ulanzi. Mvua zikinyesha mianzi inatoa, na watu wanakunywa karibu kila jioni. Msimu ukiisha, vikombe vinarudi kabatini na watu wanaendelea na mahindi yao. Ukienda katikati ya msimu kutafuta walevi, utaandika kijiji kizima. Mlevi halisi utamjua mianzi ikikauka: atahamia pombe nyingine, atauza debe la mahindi, atakopa.

Miezi 12 inafanya kazi hiyohiyo. Ndani yake mna likizo mbili kubwa, mna mihula, mna mitihani, labda mna gemu mpya iliyotoka na kuteka kila mtu kwa mwezi mmoja. Kama dalili zinakuja likizo na kwenda muhula ukianza, huo ni msimu. Hata hivyo maelezo ya WHO yanakubali kwamba ugonjwa unaweza kwenda moja kwa moja au kuja kwa vipindi vinavyojirudia, na yanaruhusu daktari kutosubiri mwaka ikiwa vigezo vyote vimetimia na hali ni nzito. Kijana aliyeacha shule kabisa, analala kwa saa tatu tu kila usiku, na amekonda mpaka nguo zinamvuka, hawezi kuambiwa arudi mwakani.

Watu wengine wamesoma kuhusu dalili tisa, wakashangaa kwa nini huku ni tatu. Hizo tisa ni za kitabu cha Wamarekani, DSM-5, kilichotolewa mwaka 2013 na chama cha madaktari wa akili wa nchi hiyo. Humo kinachotakiwa ni dalili tano au zaidi kati ya tisa ndani ya mwaka mmoja: kuwaza gemu muda wote, kupata arosto ikiondolewa, kuhitaji muda mrefu zaidi na zaidi, kujaribu kuacha na kushindwa, kupoteza hamu ya mambo mengine, kuendelea licha ya matatizo, kudanganya kuhusu muda, kucheza ili kukimbia huzuni au wasiwasi, na kuhatarisha au kupoteza uhusiano, kazi au masomo. Jambo ambalo halisemwi ni kwamba Wamarekani waliiweka hali hiyo katika sehemu ya kitabu inayohusu mambo yanayohitaji utafiti zaidi kabla ya kuitwa ugonjwa rasmi, na marekebisho ya mwaka 2022 yaliiacha palepale.

Na baadhi ya hizo tisa ni dhaifu. Kuwaza gemu? Shabiki wa Mbeya City anawaza mechi ya Jumamosi tangu Jumatatu, na hakuna anayemwandikia rufaa. Kudanganya? Mtoto anayechapwa kwa kucheza dakika tano atadanganya hata kuhusu hizo tano. Uongo wake unapima fimbo ya nyumbani zaidi ya unavyopima ugonjwa. Kucheza ili kusahau huzuni? Watu huimba, hulima, huenda kijiweni kwa sababu hiyohiyo. Dalili zenye uzito ni zile zinazogusa kujitawala na madhara, na hizo ndizo WHO ilizozibakiza kuwa nguzo.

Wapo wataalamu waliopinga hata hatua ya WHO. Mwaka 2017, kabla orodha haijatoka, kundi la watafiti wa nchi mbalimbali lilichapisha waraka likisema ushahidi bado haujatosha, na kwamba kucheza kupita kiasi mara nyingi ni njia ya mtu kukabiliana na tatizo jingine. Wengine wakawajibu kwamba wagonjwa wapo kliniki, wanateseka, na bila namba hawapati huduma. Ubishi huo haujaisha. Kwa daktari wa kawaida unaacha somo moja la kazi: asiandike 6C51 kabla hajatafuta kilichojificha nyuma yake.

Kipi kilianza?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na ndipo utambuzi mwingi unapoharibika.

Kijana mwenye sonona halali vizuri, hana hamu ya watu, anajifungia chumbani, alama zinashuka. Ndani ya chumba hicho kuna simu, na kwenye simu kuna gemu, kitu pekee ambacho bado kinampa nafuu kidogo. Mzazi akifungua mlango anaona gemu. Haoni sonona, maana sonona haina mwanga wala sauti. Akiichukua simu, ameondoa mkongojo na mguu bado umevunjika.

Hali nyingine hufanana na hii kwa njia zake. Mwenye tatizo la umakini na utukutu uliopitiliza, ambalo madaktari huliita ADHD, anashindwa kukaa na kitabu dakika kumi lakini anakaa na gemu saa tatu, kwa kuwa gemu inampa jibu kila sekunde. Mwenye hofu ya watu anakuta mtandaoni marafiki ambao hawamtazami usoni. Mwenye usonji anaweza kuipenda gemu moja kwa kina cha ajabu bila kuharibikiwa na chochote. Mwenye ugonjwa wa bipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, akiwa kwenye kipindi cha kupanda, anaweza kucheza siku mbili bila usingizi na bila kuchoka. ICD-11 inaelekeza wazi kwamba kucheza kwa namna hiyo kusihesabiwe kuwa ugonjwa wa gemu. Kuna pia bangi, kuna msiba ambao haujazungumzwa, na kuna mtoto anayeonewa au kuguswa vibaya mahali fulani, ambaye banda la PS ndilo pahali pekee asipofuatwa.

Njia ya kutenganisha ni kuchora mstari wa muda. Ripoti za shule za mihula mitatu au minne zinawekwa mezani na kwa kila anguko la alama inaulizwa nini kilitokea miezi mitatu kabla. Kama huzuni na kukosa usingizi vilitangulia na gemu ikafuata, kinachotibiwa kwanza ni huzuni. Kama gemu ilitangulia, na huzuni ikaja baada ya kufeli na kugombana na kila mtu, mpango unabadilika. Mara nyingi vyote viwili vipo na vimesukana kama mkeka. Hapo daktari anaandika vyote viwili. Hakuna sheria inayomlazimisha kuchagua kimoja.

Kamari nayo iulizwe waziwazi, kwa sababu imejificha ndani ya mabanda. Vijana wanawekeana dau kwenye mechi za PS, na baadhi ya gemu za simu zinauza masanduku ya kubahatisha kilichomo. Swali ni jepesi: "Unacheza ya burudani, au ya hela?" Anayecheza ya hela, anayekopa kurudisha alichopoteza, na anayesikitika akikosa dau zaidi ya akikosa mchezo, huyo anaelekea 6C50. Tiba yake inaanzia kwenye madeni. Akiwa chini ya miaka 18, sheria ya nchi haimruhusu kucheza michezo ya kubahatisha kabisa.

Dodoso la simu lisikutishe

Kwenye mitandao yanazunguka madodoso mafupi ya kujipima. Mengine yametungwa na watafiti wa kweli, lakini yalitengenezwa kuchuja watu wa kufanyiwa uchunguzi. Hayatoi utambuzi. Hesabu inaonyesha kwa nini.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Andrew Przybylski na wenzake, kwa watu wa Uingereza, Marekani, Kanada na Ujerumani, ulikuta kwamba kati ya asilimia 0.3 na 1 ya watu wangeweza kufikia vigezo vile vya Kimarekani, na zaidi ya theluthi mbili ya wachezaji hawakuwa na dalili hata moja. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi za dunia mwaka 2021 ulipata takribani asilimia 3, na ulipobakiza tafiti zenye sampuli bora ukashuka hadi asilimia 2 hivi. Tuchukue hiyo 2. Shule yenye wanafunzi 1,000 itakuwa na wagonjwa 20. Tuseme dodoso letu ni zuri sana: linawanasa 90 kati ya kila wagonjwa 100, na linakosea kwa wazima 10 tu kati ya 100. Litawanasa wagonjwa 18. Litawanasa pia wazima 98, yaani asilimia 10 ya wale 980. Majina 116 yatabandikwa ofisini kwa mwalimu wa nidhamu, na 98 kati yake hayakustahili kuwepo. Kosa ni la hesabu, hata kama kila mtu alijibu kwa uaminifu. Kwa hiyo shule ikitaka kutumia dodoso, matokeo yawe ya kumwita mtoto kwa mazungumzo ya faragha, na orodha isibandikwe popote.

Uvumi mwingine unahusu ubongo. Utasikia kwamba gemu inamwaga dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na kuvutiwa na kitu, "kama kokeini". Maneno hayo mara nyingi huegemezwa kwenye jaribio lililofanyika London na kuchapishwa mwaka 1998: wanaume wanane walicheza gemu ya kifaru huku ubongo wao ukipigwa picha, wakilipwa fedha kwa kila ngazi waliyopanda, na dopamini ikaonekana kuongezeka. Ni ugunduzi halali. Lakini dopamini huongezeka pia kwa chakula kitamu na mambo mengine ya kawaida yanayofurahisha. Kuongezeka kwake kunaonyesha kwamba ubongo umevutiwa, na hakumwambii mtu kama breki zipo. Hakuna kipimo cha damu cha ugonjwa huu wala picha ya ubongo inayoutambua. Atakayekuuzia kipimo cha namna hiyo anakuuzia karatasi.

Kuhusu kurogwa na mapepo, maombi ya mchungaji hayamdhuru mtoto, mradi yasimcheleweshe kufika kliniki na asifungwe kamba. Kumpeleka kijana wa gemu kwenye nyumba ya upataji nafuu ya waraibu wa dawa za kulevya ni jambo jingine kabisa. Anatoka huko na marafiki wapya na ujuzi ambao hakuwa nao.

Kabla ya kwenda na ukifika

Mlango wa kwanza ni kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Uliza huduma ya afya ya akili, na kama haipo pale, omba rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kanda iliyopo Mbeya mjini. Kinachorahisisha kazi ya daktari ni karatasi utakazobeba. Bila hizo, atapima hasira yako.

Beba daftari la siku 14. Kila siku mstari mmoja wenye safu nne: saa aliyoanza kucheza, saa aliyopanga kuacha, saa aliyoacha, na kitu kilichoachwa kwa ajili ya gemu siku hiyo, kama kipo. Pembeni ongeza saa ya kulala na kuamka. Aliandike mwenyewe ikiwezekana. Mzazi aandike la kwake bila kumwonyesha, na tofauti kati ya madaftari mawili itakuwa na habari zake. Simu nyingi zina mahali kwenye mipangilio panapoonyesha muda wa kila programu. Patumie, ila kwa tahadhari: simu inayotumiwa na watu watatu itampa mtoto saa za mjomba, gemu iliyoachwa wazi itahesabiwa kama inachezwa, na banda la PS halimo humo hata kidogo. Ongeza ripoti za shule, idadi ya siku za utoro kutoka kwa mwalimu wa darasa, na miamala ya simu kama fedha inahusika.

Siku hizo 14 ziwe za kawaida. Usimnyang'anye simu ili "kuona kama atapata arosto". Akipiga kelele utakuwa umepima ubabe wako, na kwa kijana mwenye sonona unaweza kuwa umesukuma jambo baya zaidi.

Ukifika, mazungumzo mazuri yana sehemu tatu. Kwanza wote pamoja, kwa dakika chache, ili daktari asikie malalamiko na aone mnavyozungumza. Kisha kijana peke yake. Kisha mzazi peke yake. Sehemu ya kijana peke yake ndiyo isiyoweza kurukwa, na ndiyo inayorukwa mara nyingi kwa sababu foleni ni ndefu. Humo ndimo kuna maswali ya kuonewa, ya bangi, ya dau, ya kutaka kufa. Mzazi anayesema "daktari, mwulize tu hapahapa, hana siri" anastahili kuombwa kwa heshima asubiri nje. Mazungumzo ya dakika kumi hayawezi kutoa 6C51. Yanaweza kutoa tarehe ya kurudi.

Yapo mambo yasiyosubiri daftari wala foleni: kijana anayesema hataki kuishi au anayejiumiza, asiyelala usiku kadhaa huku akiwa na nguvu na maneno yasiyokatika, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au aliyeacha kula. Huyo apelekwe siku hiyohiyo.

Utambuzi ukithibitika, tiba kuu ni ya mazungumzo: kujifunza kutambua saa na hisia zinazomsukuma kucheza, kupanga mechi ngapi na wapi, kurudisha kimoja baada ya kingine vile vitu vilivyoachwa, na familia kubadili namna inavyogombana. Hakuna dawa maalumu ya ugonjwa wa gemu; dawa zikitolewa ni kwa sonona, wasiwasi au ADHD iliyokutwa pamoja nao. Kuacha gemu moja kwa moja maisha yote hakulazimishwi kwa kila mtu. Wengine wanarudi kwenye mechi mbili za Jumamosi, wengine wanaona ni heri waiache ile gemu moja iliyowaponza na kubaki na nyingine.

Utambuzi usipothibitika, usiondoke ukijiona umeaibishwa, na usimwambie mtoto "umeona, huna lolote". Kadi inaweza kuandikwa QE22, au sonona, au isiandikwe kitu zaidi ya tarehe ya kurudi. Wiki mbili kabla ya tarehe hiyo daftari linafunguliwa tena, safu zilezile nne. Daktari ataanza na safu ya pili na ya tatu, aone umbali kati ya saa aliyopanga kuacha na saa aliyoacha umekuwa mfupi au mrefu kuliko mara ya kwanza.